Mwito wa Mama Kariokor

Mimi ni mwalimu wa Kiswahili, na kila mwaka nawaandikia watoto ubaoni kwamba mkazo wa neno huwekwa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Wananiangalia tu. Watoto wa mitaa hii ya Eastlands, Nairobi, watakuvurugia ngeli mpaka uombe uhamisho, wakuambie "kitabu yangu" bila kupepesa macho, lakini mkazo hawaukosei hata siku moja. Nimekula mshahara miaka mingi kwa kuwafundisha jambo walilokuja nalo kutoka mgongoni mwa mama zao.

Sikuwahi kulifikiria zaidi ya hapo mpaka mama yangu alipopatwa na kiharusi.

Mama aliuza viatu vya ngozi na akala za matairi katika soko la Kariokor tangu sijazaliwa. Aliporudi nyumbani Kware kutoka hospitalini, mkono wa kulia ulikuwa umelegea na maneno yamekwisha. Mama mdogo akaja kutoka kijijini kwao, Magharibi mwa Kenya, kumuuguza, na siku ya kwanza tu akatoa amri: humu ndani ni Kiluhya peke yake. Lugha aliyonyonya nayo, alisema, ndiyo itakayorudi kwanza. Miezi miwili ikiisha bila neno, angempeleka kijijini akauguziwe huko. Ukoo mzima ukakubali kwa simu. Nami nikakubali, na hilo ndilo linaloniuma.

Kiluhya changu ni cha kuombea maji. Nikifungua mdomo, mama mdogo anacheka mpaka anashika mbavu. Basi nikawa nasalimia asubuhi, namlisha Mama uji, nampangusa kidevu, naenda kazini. Jioni vivyo hivyo. Nilijiambia kimya changu ni heshima. Ukweli ni kwamba niliona haya.

Mama hakuwa kimya kabisa. Akikalishwa karibu na dirisha, alitoa sauti ileile: ta-TA-ta ta, ta-ta-TA-ta ta TA-ta. Mama mdogo alidhani anaumwa, akamkanda bega.

Jumamosi moja, zimebaki siku nane tu, nilikuwa napanga viatu vya biashara vilivyorundikwa kwetu baada ya kufunga kibanda. Mama akaanza tena, na mkono wangu ukasimama. Sauti ile ilipanda na kushuka mahali nilipopajua tangu nilipokuwa nikilazwa chini ya meza yake sokoni. "Jaribu tu, kujaribu ni bure." Ndivyo alivyowaita wateja kutwa nzima, maisha yangu yote. Maneno yalikuwa yametoka, mkazo ukabaki mahali pake, kama misumari ukutani baada ya picha kuondolewa.

Nikachukua akala moja, nikapiga magoti, nikamshika mguu.

"Jaribu tu," nikamwambia kwa Kiswahili, mbele ya mama mdogo. "Kujaribu ni..."

Akaniangalia sana. Midomo ikahangaika.

"Bure," akasema.

Mama mdogo akaacha kukunja nguo. Nilijua atanifokea kwa kuvunja amri, nami nilikuwa tayari kumjibu. Lakini alikaa kwenye stuli, akasema polepole, "Kumbe miaka hii yote dada yangu amekuwa akiota kwa Kiswahili."

Kuanzia hapo nilibwabwaja mchana kutwa. Nilimweleza Mama habari za jirani anayeanika nguo kwenye kamba yetu, za mwalimu mkuu wetu na suti yake moja, za maharagwe yanayokataa kuiva. Maneno yakarudi, kwanza yale ya kibandani: karibu, saizi gani, nikufungie. Aliposema "kiatu yangu" sikumsahihisha, mwalimu mzima mimi. Mama mdogo akapigia ukoo simu, akawaambia anarudi peke yake.

Asubuhi ya kuondoka kwake, nilikuwa namlisha Mama uji. Akainua mkono wa kushoto, akakizuia kijiko. Alikuwa akitafuta kitu, kipande kwa kipande, nami nikangoja. Hakikuwa cha sokoni. Ilikuwa sentensi aliyoitunga mwenyewe, ya kwanza tangu augue.

"Mbona," akasema, "mbona ulininyamazia?"