Alama ya Ng'ombe Kwenye Ukuta wa Mjerumani

Enzi zetu, pale Kisaka, mtoto aliyewahi kupanda basi alikuwa na heshima ya pekee. Tulimzunguka wakati wa mapumziko na kumuuliza maswali kama wazee walivyomuuliza padri aliyerudi kutoka Roma: Je, miti hukimbia kweli? Je, ukishuka, ardhi huendelea kutikisika? Naye alijibu kwa madaha, akimeza mate kati ya neno na neno, wala hakuna aliyethubutu kumpinga. Basi msomaji wa rika langu atanielewa nikisema kwamba siku Mwalimu Wambura, aliyetufundisha historia, alipotangaza mstarini kuwa darasa la sita lote litapanda basi kwenda kuona magofu, mstari ulivunjika na hata kengele haikuweza kuurudisha.

Kitabuni tulikuwa tumesoma kwamba watoto wa nchi za mbali hupelekwa kutazama magofu ya Warumi. Sisi tungekwenda kuona ya Mjerumani: ngome ya mawe juu ya kilima, mwendo wa saa mbili hivi kutoka kwetu, humo humo Serengeti. Jina la kilima sitalitaja, kwa sababu ambayo msomaji ataiona, na kwa kuwa sina hakika kama sheria ya mambo ya kale huwasamehe watoto.

Safari ilikuwa ya nusu siku tu. Basi lenyewe lilitoka Bomani, Tarime, na alasiri hiyo hiyo lilipaswa kuipeleka kwaya kwenye arusi. "Saa nane kamili gari liwe hapa," Mwalimu Wambura alituonya. "Atakayechelewa ataishi na Mjerumani."

Nyumbani, habari hiyo ilimfikia Bibi Robi, mama yake baba yangu, akiwa anapepeta mtama. Ungo ulisimama hewani.

"Boma lile la mawe?"

"Ndiyo, Bibi."

"Basi utaniangalizia kitu."

Hapa sina budi kueleza jambo lililomkera Bibi maisha yake yote ya ndoa. Baba yake alikuwa miongoni mwa vijana waliokamatwa kubeba mawe ya ngome ile. Ukweni kwake walisema alibeba siku moja tu, akatupa mzigo na kutoroka, na jirani yake akakamatwa kujaza nafasi yake. Kwa hiyo tangu alipoolewa, kila alipokosana na mtu, aliitwa binti wa mtoro. Wengi waliolisema neno hilo walikwisha kufa. Alibaki Babu Chacha, mdogo wake marehemu babu yangu, ambaye kwa haki ya utani wa shemeji alilisema kila siku kama watu wengine wanavyosema habari za asubuhi.

Tena Babu Chacha alikuwa na majivuno ya kuoanisha na kejeli hiyo. Baba yake yeye, alisema, hakukamatwa kamwe. Alikaa milimani na ng'ombe wake mpaka ngome ikaisha, bega lake halikugusa jiwe la mgeni. "Sisi hatukubeba wala hatukutoroka," alipenda kusema, akiinua fimbo. "Ninyi mliyafanya yote mawili!"

Bibi alikuwa na jibu moja tu. Baba yake alimwambia kwa kinywa chake kwamba alibeba mpaka mwisho, na kwamba kwenye kona inayotazama mawio, kimo cha kifua, alichonga juu ya jiwe alama ya ng'ombe wake, ile aliyowapiga chapa pajani. "Ukiiona," aliniambia, "uje uichore hapa mavumbini, mbele ya huyu."

Babu Chacha, aliyekuwa amekaa kwenye kigoda akichokonoa meno, alicheka mpaka akakohoa. "Binti huyu, Bhoke, akiiona alama hiyo, mimi Chacha sitalisema tena neno lile mpaka mnizike. Asipoiona, shemeji, utanipikia jogoo na utaniita bwana mkubwa."

"Jogoo wangu hatakufa kwa ajili ya tumbo lako," alijibu Bibi. Lakini niliona mtama ukimwagika kando ya ungo. Mimi nikaitikia kwa wepesi wa mtoto. Sikumuuliza alama yenyewe inafananaje. Nilichunga ng'ombe tangu nikiwa na miaka saba, nikaiona kila siku kwenye mapaja yao: mistari miwili iliyosimama, na wa tatu ukilala juu yake kama mtambaapanya. Kwangu mimi hiyo ndiyo ilikuwa alama ya ng'ombe.

Asubuhi ya safari tulinukia mafuta ya mgando na moshi wa pasi ya mkaa. Kila mtoto alipewa ndimu ya kunusa ili asitapike, na kufika njia panda ya kwanza nusu yetu tulikwisha kuzila. Basi lilipong'oka, tulipiga yowe lililowafukuza kuku mashambani. Miti ilikimbia kweli! Tuliimba nyimbo zote tulizozijua, za kanisani, za mchakamchaka na za jandoni tulizokatazwa, na Mwalimu Wambura akajifanya kiziwi. Pundamilia walisimama kando ya njia wakitutazama, lakini hakuna aliyewajali. Hao tuliwajua, walikula mahindi yetu. Tulichoshangaa ni kioo cha dereva, ambacho kwacho mtu aliweza kuona nyuma bila kugeuka.

Rafiki yangu Gati alikuwa amefungashiwa kibuyu cha maziwa ya mgando. Lo! Mama yake alikiziba vizuri mno. Maziwa yaliruka na barabara, yakaumuka, na tulipovuka korongo moja kizibo kikafyatuka kwa mshindo. Maziwa yakamfikia Mwalimu Wambura kisogoni. Mwalimu akapitisha kidole shingoni, akakilamba, akasema taratibu, "Ya ng'ombe gani haya?"

"Wa... wa kwetu, Mwalimu."

"Ni mazuri." Tulicheka mpaka dereva akapunguza mwendo.

Ngome tuliikuta haina paa, kuta nene zimeota nyasi, mijusi ikiota jua. Mwalimu alianza kutueleza habari za utawala wa kikoloni, lakini wanafunzi wake walikuwa watoto wa wafugaji, nao walikwisha kuanza ukaguzi wao.

"Zizi hili lingechukua ng'ombe mia tatu," alisema mmoja.

"Mia mbili. Huoni ndama watalala wapi?"

"Na lango wameliweka vibaya. Wezi wakija na upepo huu, mbwa hasikii kitu."

"Hili si zizi!" Mwalimu alipaza sauti. "Hapa walikaa askari!"

"Mwalimu," Gati aliuliza kwa unyenyekevu, "ng'ombe wao waliwaweka wapi?" Mwalimu akakaa juu ya jiwe na kufungua chakula chake.

Mimi nilikuwa nimekwenda kona ya mawio. Nilitazama jiwe baada ya jiwe, kimo cha kifua cha mtu mzima, kimo cha kifua changu, hata chini kabisa. Niliona mikwaruzo, nyufa, kuvu, na alama chache za watu nisiowajua, lakini mtambaapanya wetu sikuuona. Nikazunguka kona zote nne. Filimbi ya kwanza ikalia. Akilini nikamwona Bibi na ungo wake, mtama ukimwagika, na Babu Chacha akiagiza jogoo.

Filimbi ya pili ilinikuta nimeinama mbele ya jiwe moja la manjano, laini kama chaki, bikari ya hesabu mkononi na kokoto ya kuigongea. Mstari mmoja. Mstari wa pili. Wa kulala juu ulinigharimu ncha ya bikari. Nikapaka udongo ili ionekane nzee, nikakimbia. Nilikuwa wa mwisho kupanda. Njia nzima ya kurudi niliimba kuliko wote, kama mtu anayetaka kuizima sauti nyingine.

Walikuwa wananingoja uani, wote wawili, kila mmoja kwenye kigoda chake.

"Shikamoo Babu. Shikamoo Bibi."

"Marahaba. Ilikuwepo?" aliuliza Bibi.

"Ilikuwepo."

"Chora."

Nikapiga goti, nikachora kwa kidole: mistari miwili, na wa tatu juu yake. Nikainua macho nikitarajia vigelegele. Bibi alikuwa ameitazama alama ile bila kupepesa. Babu Chacha alikuwa amesimama.

Hapo ndipo akili yangu ilipofika, ikiwa imechelewa kama mimi mwenyewe. Alama ile ilikuwa ya ng'ombe wa kwetu, maana yake ya ng'ombe wa babu yangu, na kabla yake ya baba yake. Mwanamke huolewa kutoka zizi jingine. Baba yake Bibi alikuwa na ng'ombe wake na chapa yake, ambayo mimi sikuwahi kuiona. Nilikuwa nimechonga kwenye ukuta wa Mjerumani alama ya baba yake Babu Chacha, mtu ambaye bega lake halikugusa jiwe la mgeni.

Bibi alianza kucheka kidogo kidogo, kama chungu kinachokaribia kuchemka. Kisha akapiga makofi. Kisha akaanguka kutoka kwenye kigoda, akakaa mavumbini na kuendelea kucheka, machozi yakimtoka. "Shemeji!" alisema alipopata pumzi. "Kumbe naye alibeba! Alibeba na sahihi akatia!"

"Haiwezekani," alisema Babu Chacha.

"Wewe si uliweka ahadi? Mtoto ameona kwa macho yake. Au alama hii huijui?"

Babu Chacha aliikagua alama ile kutoka pande zote, kama mtu anayekagua nyayo za ng'ombe aliyeibiwa. Mwishowe akakaa. "Baba hakutuambia," alisema kwa sauti ndogo. Jogoo alipona. Na lile neno, binti wa mtoro, sikulisikia tena nyumbani kwetu mpaka Babu Chacha alipozikwa.

Baadaye jikoni Bibi aliniambia, "Lete mikono." Vumbi la manjano lilikuwa bado kwenye kucha zangu.

"Ulichonga na nini?"

"Bikari, Bibi."

Nilingoja mwiko. Badala yake alisawazisha jivu mbele ya mafiga, akachora kwa kidole duara dogo lenye mkia mrefu unaopinda. "Hii ndiyo ya tata, baba yangu. Uliiona?"

"Sikuiona."

"Uliitafuta?"

"Sikuijua, Bibi."

Akafikiri. Uso wake ukalainika. "Basi hujasema kwamba haipo," alisema, na kwa kiganja akafuta jivu.

Miaka imepita. Nimesoma mpaka chuo kikuu, nimewafundisha wengine uaminifu wa ushahidi, na siri hii nimeibeba muda wote huo kama jiwe langu mwenyewe. Kiangazi hiki, sisi tuliosoma pamoja darasa lile tulikodi basi, tukaenda tena kilimani na watoto wetu kwa nusu siku. Basi lilikuwa na viti laini na ubaridi wa mashine. Hakuna aliyenusa ndimu. Watoto waliinamisha vichwa juu ya simu tangu Kisaka hadi tunafika, na pundamilia walipotokea wakawapiga picha kana kwamba hawajawahi kuona mnyama mla mahindi. Sisi wazazi ndio tulioimba. Gati, ambaye sasa ni mkunga, alikuja na maziwa ya mgando ya pakiti. Hayakufyatuka, nasi tulisikitika.

Kijana aliyetuongoza alikuwa mchangamfu na mwenye adabu. Alitufikisha kwenye jiwe la manjano, akashusha sauti. "Hapa, mama zangu na baba zangu, mnaona alama waliyoiacha wabebaji wenyewe. Ni chapa ya ng'ombe. Mtu aliteseka, lakini alitaka tujue kwamba alipita hapa."

Gati alinitazama. Nilimwambia siri ile tukiwa sekondari. Akauma mtandio wake, mabega yakimcheza, naye mkunga mzima! Nami nilitaka kusema kweli, nikafungua kinywa, nikakifunga.

Wengine waliposonga, nilikwenda kona ya mawio kutafuta duara lenye mkia. Safari hii niliijua. Lakini mvua za miaka hiyo yote zimekula mawe, na sehemu ya kona imeporomoka. Niliona kitu kama duara. Kinaweza kuwa duara, kinaweza kuwa kuvu. Ufunguo wa nyumba ulikuwa tayari kati ya vidole vyangu, na lipo jiwe moja zuri sana, laini, limebaki tupu. Basi likapiga honi.

Nikarudisha ufunguo mkobani. Nikachuchumaa, nikachora kwa kidole lile duara lenye mkia kwenye vumbi la chini ya ukuta.

"Mama, unachora nini?" Alikuwa Robi, binti yangu, niliyempa jina la Bibi, simu mkononi.

"Alama ya ng'ombe."

"Ng'ombe gani?"

Sisi tulimtambua ng'ombe wa kila jirani kwa paja lake, hata akiwa ng'ambo ya mto. Binti yangu huzitambua simu za watu kwa alama iliyo mgongoni, hata zikiwa ndani ya mfuko. Nikamweleza kwa kifupi, maana honi ilikuwa inalia. Alisikiliza. Kisha akapiga picha ya vumbi lile, mara mbili, akinisogeza ili kivuli changu kisiingie.

"Chini yake niandikeje?"

Nikafikiri kama mtu aliyesoma, nikapima maneno. Halafu nikamjibu kama mjukuu.

"Andika: Huyu hakutoroka."