Kazi ya Kugombana kwa Adabu

Jirani alimuuliza bibi yangu mwanawe anafanya kazi gani hasa, maana kila baada ya miezi michache anaonekana anaburuta sanduku la safari. Bibi akafikiri kidogo, akasema, "Anakwenda nchi za watu kugombana kwa adabu, halafu anarudi." Jirani akadhani ni utani. Lakini katika maelezo yote niliyowahi kusikia kuhusu kazi ya shangazi, yakiwemo ya shangazi mwenyewe, sijapata yaliyonyooka kuliko hayo.

Shangazi alikuwa mchumi wa wizara ya fedha, kitengo cha mikataba ya kodi ya kimataifa. Nchi mbili zikifanya biashara, lazima zikubaliane kwamba kampuni ya huku ikifanya kazi kule italipa kodi wapi, ili isitozwe mara mbili, wala isipate mwanya wa kukwepa kotekote. Makubaliano hayo huandikwa ibara kwa ibara, na kila neno lina watu wawili wanaolivuta, mmoja huku na mwingine kule. Wenzake walimwita Bi Ibara. Mimi nilikaa kwao miaka miwili nikisoma chuo, kwa hiyo mengi ya haya niliyaona kwa macho yangu, na mengine alinisimulia mwenyewe akiwa amekunja miguu kwenye kochi.

Kitengo kile hakukichagua. Alipoajiriwa, ana shahada mpya na viatu vya kuazima kwa dada yake, wenzake wote walikimbilia bajeti, kwa sababu huko ndiko mawaziri walikopita. Yeye akapewa chumba kando ya ngazi, ghorofa ya pili, dirisha linatazamana na ukuta wa kiwanda cha uchapaji, na mlango wa kabati la mafaili umefungwa kwa kamba ya kiatu. Humo alimkuta mkuu wake, mtu mkimya waliyemwita Mzee wa Nukta, maana hakuna barua iliyotoka mezani kwake kabla hajagusa kila nukta kwa ncha ya penseli.

Mwaka wa kwanza shangazi alichapa rasimu akaandika "au" mahali palipotakiwa "na". Mzee wa Nukta aliligundua kosa asubuhi ya siku ya kutia saini, wageni wakiwa wameshaingia kwenye lifti. Hakumfokea. Alimkalisha, akamwambia, "Nisomee ibara yote kwa sauti." Akasoma. "Tena." Mara ya tatu akasikia mwenyewe: kwa "na", kampuni ilipaswa kutimiza masharti mawili ndipo isamehewe kodi, kwa "au", moja lilitosha. Alitamani ardhi ipasuke immeze. Wageni walikaa kwenye korido wakanywa chai ya pili, na ukurasa ukachapwa upya.

Toka siku ile alisoma kila kitu kwa sauti. Mume wake, mwalimu wa hesabu, alikuwa akipiga pasi mashati ya wiki nzima huku anasomewa habari za mrabaha na gawio.

"Mke wangu," alimwambia siku moja, "wenzangu wanasomewa mashairi."

"Vuta subira," shangazi akajibu. "Ibara inayofuata ina vina."

Jambo lililomfanya ajulikane lilianzia mezani, Jumapili mchana. Shemeji yake, yaani mdogo wa mume wake, alikuwa fundi umeme kwenye kiwanda cha saruji, ambako kampuni kutoka nje ilikuwa inajenga tanuri jipya. Huyu ni mtu wa maneno mengi, na siku hiyo alianza kucheka tangu mlangoni.

"Shemeji, sisi kule kazi yetu imekuwa kuaga watu tu," akasema akivuta kiti. "Kila baada ya miezi mitano kuna sherehe ya kuagana. Kofia za bluu wanaondoka, tunapiga picha, tunapeana mikono. Jumatatu wanaingia wa kofia za njano. Kampuni mpya, jina jipya! Lakini mkuu wao ni yuleyule. Hata kikombe chake cha chai hakikutoka rafuni."

Tukacheka wote, isipokuwa shangazi. Aliweka kijiko chini.

"Wamebadilisha kofia mara ngapi?"

"Hii ni ya nne sasa."

"Na kazi ni ileile?"

"Tanuri ni lilelile, shemeji. Litakwenda wapi?"

Chakula chake kilipoa pale pale. Mkataba wetu na nchi ilikotoka kampuni ile ulisema hivi: kampuni ikifanya kazi kwetu chini ya miezi sita inahesabiwa mpita njia, haitozwi hapa kodi ya faida yake, ikizidi, inatozwa kama mwenyeji. Kumbe mwenye kampuni alikuwa amejigawa mafungu manne, kila fungu likikaa miezi mitano na kuaga. Tanuri la miezi ishirini lilikuwa linajengwa na wapita njia! Sheria haikuvunjwa hata kidogo. Ilirukwa tu, kama dimbwi. Na mkataba huohuo ndio uliokuwa unaandikwa upya mwaka ule. Mzee wa Nukta alikuwa ameshastaafu, na aliyeteuliwa kuongoza ujumbe wetu ni shangazi.

Walikwenda watatu: yeye, mwanasheria mmoja aliyeogopa ndege, na mkalimani. Upande wa pili walikuwa tisa, wamepangwa mezani kama timu ya mpira iliyopungukiwa na wawili. Kiongozi wao alikuwa mzee mrefu mwenye kifaa cha kusikilizia sikioni, na mkalimani anaapa kwamba alipochoshwa na hoja alikizima. Siku mbili zilikwenda vizuri. Kila ukurasa uliokubaliwa, viongozi wawili waliandika herufi za majina yao pembeni. Wakafika ukurasa wa tisa, ambako iliandikwa ile miezi sita.

Shangazi akaomba sentensi moja iongezwe: kampuni zenye uhusiano zikifanya kazi moja, siku zao zijumlishwe pamoja.

"Maneno ya sasa yametutosha miaka yote," mzee akasema. "Kuna tatizo gani?"

"Kwetu kuna msemo," akasema shangazi. "Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe."

Mkalimani akautafsiri. Mzee akatikisa kichwa akitabasamu. "Msemo mzuri. Ndiyo maana ipo miezi sita."

"Ndiyo. Lakini huyu mgeni wenu, siku ya pili jioni anaaga. Asubuhi anagonga mlango ndugu yake, amevaa shati lilelile, na anaulizia kikombe chake cha chai. Sasa tuambieni wenyewe: jembe tumpe nani, na lini?"

Mzee akacheka mpaka kifaa kikapiga mluzi sikioni. Akakirekebisha, akasema kwa upole, "Bibi, nimekuelewa vizuri sana. Lakini sikutumwa kukubali hilo."

"Na mimi sikutumwa kuliacha," akajibu shangazi.

Wakati wa mapumziko simu ikaita. Alikuwa katibu mkuu wa wizara. Waziri amepangiwa kufika kesho kutwa kutia saini, waandishi wameshaalikwa, kinachosubiriwa ni nini?

"Kurasa zote nimeweka herufi zangu, mheshimiwa," shangazi akamwambia, "isipokuwa wa tisa. Huo siwezi. Nikiweka, nitakuwa nimewafungulia mlango kisha nikawashikia na pazia."

"Mama, mimi sikukuuliza kama unaweza."

"Nimesikia, mheshimiwa. Tuma mwingine aje aweke."

Hakutumwa mwingine, kwa sababu hapakuwa na muda. Waziri hakusafiri. Shangazi alirudi nyumbani mikono mitupu, na wiki iliyofuata akakabidhiwa barua ya kuhamishiwa masjala, chini kabisa ya jengo, kwenye mafaili ya zamani. Nakumbuka alivyoingia mchana ule, akakaa bila kuvua koti. Mume wake alikuwa anasahihisha mitihani.

"Nimeharibu?" akamuuliza.

Mume akamsoma uso, akafunika kalamu. "Jibu lako ni sahihi," akasema. "Msahihishaji ndiye hajafika ukurasa huo."

Hapo akacheka, na baada ya kucheka akalia kidogo, kisha akavua koti.

Masjala alikaa miezi kumi na minne. Watu walimhurumia, wengine kwa furaha. Lakini mimi niliyekuwa naishi naye nasema kweli: haukuwa wakati mbaya. Saa kumi na moja alikuwa nyumbani. Alimfundisha binti yake kuendesha baiskeli, akikimbia nyuma yake barabarani na viatu vya ofisini. Na kule chini, kwa kuwa hakuna aliyempa kazi, alijipa mwenyewe. Alitoa mikataba yote ambayo nchi yetu iliwahi kufunga, arobaini na mmoja, akaipangusa vumbi, akaisoma mmoja mmoja kwa sauti. Mlinzi wa mlango wa nyuma, aliyepitisha zamu yake hapo karibu, ikawa anaingia na kiti chake kusikiliza. Kati ya mikataba ile, kumi na saba ilikuwa na mwanya uleule. Akaiandika yote kwenye daftari la jalada jeusi, na mbele ya kila mmoja akaweka maneno ya kuuziba.

Mwezi wa kumi na nne katibu mkuu alishuka ngazi mwenyewe. Masjala watu walisimama, maana hawajawahi kumwona huko. Mkononi ana barua. Nchi ile ya mzee mwenye kifaa sikioni ilikuwa imechezewa mchezo uleule na kampuni za kwingine, kwenye ujenzi wa daraja lake yenyewe, na sasa inaomba mazungumzo yarudiwe. Tena inaomba sentensi ile ile.

"Mama," katibu akasema, akitazama mafaili badala ya kumtazama yeye, "yale maneno ya ukurasa wa tisa. Bado unayakumbuka?"

"Ninayo kichwani, na ninayo kwenye daftari, mheshimiwa. Unataka yapi?"

Katibu akacheka bila kupenda. Halafu, na hili shangazi hulisimulia kwa heshima kila mara, akavuta kiti cha mlinzi, akakaa, akasema, "Nilikosea. Nionyeshe hilo daftari." Alisoma kurasa zote kumi na saba. Alikuwa mtu wa hasira za karibu, lakini hakuwa mjinga.

Mkataba ukatiwa saini. Mawaziri ndio waliopigwa picha. Shangazi alisimama nyuma, nusu ya uso imefichwa na ua la mezani. Lile tanuri la saruji lilikuwa limeshakwisha, na mkataba haurudi nyuma, kwa hiyo wenye kofia walikwenda zao salama. Shemeji alikasirika kwa niaba ya taifa zima. Shangazi akamwambia yaliyopita si ndwele. Katika miaka tisa iliyofuata alizunguka na daftari lake, na kati ya mianya kumi na saba akaziba kumi na mmoja. Sita ilimshinda. Hasemi sana habari zake, ila ukimtajia mmojawapo anakunja uso kama aliyetafuna shubiri.

Baadaye shirika moja la kimataifa likamwita akafundishe maofisa wa nchi ndogo namna ya kukaa kwenye meza hizo. Akaenda miaka mitano, kwenye jiji la baridi, chumba cha ghorofa ya tisa ambacho madirisha yake hayafunguki. Mume alibaki na shule yake. Waliongea kila Jumapili, na nadhani walichekeshana zaidi kwa simu kuliko walipokuwa chumba kimoja. Aliipenda kazi ile. Darasani alikuwa na watu kutoka visiwa ambavyo ofisi nzima ya kodi ina watu sita, naye akawafundisha kwamba wachache mezani si lazima wawe wanyonge, mradi wawe wamesoma. Ofisa mmoja aliwahi kumpigia simu akiwa chooni, katikati ya majadiliano, ananong'ona, "Mwalimu, nimewakatalia. Sasa nifanye nini?" Shangazi akamwambia, "Nawa mikono, urudi ukae."

Kuna gharama aliyoilipa. Mahafali ya binti yake hakuwahi kufika, ndege iliahirishwa kwa theluji. Hilo hajajisamehe, na binti naye hamsaidii kusahau: kila akitaka kuazima gari, anaanza na habari za mahafali.

Sasa amestaafu. Siku mbili kwa wiki wizara inamwita kupitia rasimu pamoja na maofisa wapya, wengi wao wasichana, ambao siku hizi ndio wanaogombania kitengo kile. Siku nyingine ni zake. Mwaka jana yeye na wifi yake, yaani mama yangu, walijiandikisha kujifunza kuogelea kwenye bwawa la manispaa, wanawake wawili wa miaka sitini na kitu, wamevaa kofia za mpira za rangi ya machungwa. Mwalimu wao, kijana mpole, alimwambia siku ya kwanza atumbukize uso majini.

"Kwa sekunde ngapi?" shangazi akauliza.

"Utakavyoweza, mama."

"Hapana. 'Utakavyoweza' si kipimo. Taja idadi."

"Wifi," mama akamwambia, meno yanagongana kwa baridi, "usimwandikishe mtoto wa watu mkataba. Zama!"

Akazama. Ilimchukua miezi minne kuachia ukingo. Jumanne iliyopita niliwapeleka mimi, nikakaa kwenye benchi na mataulo. Alivuka upana mzima wa bwawa, polepole, kidevu juu, akipiga maji kuliko ilivyohitajika. Alipofika ng'ambo alishika ukingo kwa mikono yote miwili, akahema, akanitafuta kwa macho, kisha akageuka na kuanza kurudi.