Roboti wa Yaya Odette

Juzi nilimkuta binti yangu akiandika kwenye simu hadithi ya roboti wa kuchezea, yule wa katuni, ili wasome watoto wengine wanaompenda roboti huyo. Nikasikia tena harufu ya majani ya pondu yakichemka uani kwetu utotoni, kando ya mto Tshopo.

Dada yangu, Yaya Odette, alikuwa akitunga visa vya roboti huyohuyo katika kaye moja ya shule, iliyozunguka darasani kwake mpaka kurasa zikalegea. Katika visa vyake roboti alilala chini ya maporomoko, akinywa umeme wa bwawa. Kila umeme ulipokatika, mimi nilijua ameumaliza.

Alasiri ile ya pondu Yaya alilala mkekani na homa, mkono hauwezi kushika kalamu. "Andika weye," aliniambia. "Roboti anaanguka mu mayi. Bon, ngoja kidogo, nitakuambia vile anatoka."

Nilingoja kusikia vile anatoka majini, mto ukinguruma. Alikuwa amesinzia. Shuleni mwalimu alitukata alama kwa hadithi isiyofungwa. Basi, nikitaka kumfurahisha, nikaandika kwa herufi kubwa: MWISHO. Nikapiga mstari chini yake kwa rula.

Yaya hakuamka.

Miaka mingi niliamini kuwa ni mimi. Sasa najua ni malaria. Lakini juzi binti yangu alipoanza kuandika neno lile, nilimshika mkono.

"Mama, juu ya nini unanishika?"

"Roboti," nilisema, "umemutosha kwanza mu mayi? Ameshatoka?"

Akarudi juu kwenye simu, akitafuta.

"Mayi gani, Mama?"