Jino la Msemaji wa Ukoo

Baba mkubwa alikuwa msemaji wa ukoo wetu hapa Baraka. Msichana wa kwetu akichumbiwa, yeye ndiye aliyekaa mbele ya wakwe na kutaja mahari. Alikuwa na sauti ya kuita mitumbwi iliyo mbali ziwani, na kila mazungumzo aliyafunga kwa maneno yale yale: "Ahadi ni deni!" Mchumba wa kwanza wa dada yangu, kijana wa Kazimia, aliahidi ng'ombe wote aliotajiwa, akaenda kuwatafuta, na mpaka leo anawatafuta.

Dada hakutaka kumpoteza wa pili. Huyu alikuwa mwalimu wa shule ya msingi kule Fizi, mwenye mashati mawili, na dada alimpenda hadi akawa anaunguza ugali. Wakwe walipotuma habari kwamba watashuka Jumamosi kuzungumza mahari, alilia, na si kwa furaha.

"Baba mukubwa ataniharibia," aliniambia. "Ataomba bangombe mpaka mwalimu akimbie."

Jumatatu ya wiki hiyo baba mkubwa akaamka na jino. Shavu lilivimba kama la mtu aliyeficha andazi. Msemaji hawezi kusema! Ukoo mzima uliingiwa na hofu, na kila mtu akawa na bingwa wake. Jirani alimjua bwana mmoja wa Misisi aliyekuwa aking'oa meno ya wachimba dhahabu. Shangazi alimjua mama wa Ubwari mwenye mizizi ya kusukutua. Mchungaji alisema maombi yanatosha, ingawa jino lake mwenyewe, nakumbuka vizuri, lilitolewa hospitalini.

"Mi nataka spesialisti!" baba mkubwa alinguruma kwa upande mmoja wa mdomo. "Muntu mwenye alisomea meno!"

Dada akajitolea kumtafuta, na sijawahi kuona mtu akitafuta kwa bidii vile. Bwana wa Misisi, dada mwenyewe alimkataa: amezoea kuchimba, akianza hatajua pa kukomea. Mama wa Ubwari naye akamkataa, kwa sababu ya mawimbi ya ziwa la kuvuka. Akaenda hospitali hapa Baraka, akarudi na uso wa huzuni: munganga wa meno amesafiri, yuko Bukavu.

"Lakini kule Fizi kuna mumoja," akasema. "Iko na mukono mwepesi. Bantu banamusifu sana."

Basi Alhamisi tukapanda pikipiki: dereva, baba mkubwa katikati, mimi nyuma nikimshikilia. Taya lake lilifungwa kwa kitenge cha shangazi, fundo juu ya kichwa. Kila shimo la barabara liliingia moja kwa moja kwenye jino. Watu njiani walitupa pole ya msiba, nami nikaipokea, maana kueleza kungetuchelewesha.

Daktari alikuwa mtu mpole wa makamo, mwenye vidole virefu. Alichoma sindano, akangoja, kisha akachukua koleo. Baba mkubwa akaliona.

Nitasema ukweli, kwani jino halikuwa langu. Alilia. Alimwita mama yake, aliyefariki kabla mimi sijazaliwa. Akaushika mkanda wa daktari kwa mikono miwili.

"Mwanangu, usiniumize! Nitakupa kintu yoyote utaomba!"

"Kintu yoyote, muzee?"

"Yoyote! Ahadi ni deni!"

Jino likatoka, wala hakujua kama limetoka.

Jumamosi sauti ilikuwa imerudi. Baba mkubwa alivaa koti, akaketi, akakohoa kile kikohozi chake cha ng'ombe wengi. Dada alikuwa nyuma ya pazia, na nilisikia anavyopumua. Wakwe wakaingia mmoja mmoja. Wa mwisho alikuwa msemaji wao, baba mdogo wa mwalimu: mtu mpole wa makamo, mwenye vidole virefu.

Baba mkubwa akaziba mdomo kwa kiganja.

"Bonjour muzee," mgeni akasema. "Jino iko namna gani?"

"Ili... ilitoka."

"Aksanti Mungu. Siku ile ulisema utanipa kintu yoyote nitaomba." Akatutazama sote kwa adabu. "Basi leo tumekuja kuomba mutoto."

Shangazi akauliza ni siku gani hiyo, na ilikuwaje. Baba mkubwa akaiona habari ya mkanda na ya marehemu mama yake ikija kusimuliwa mbele ya wakwe, akapaza sauti upesi: "Ahadi ni deni!"

Ng'ombe walitajwa, ndiyo, lakini kwa sauti ya chini, na walikuwa wale ambao mwalimu angeweza kuwapata bila kuuza figo. Nyuma ya pazia dada alicheka huku analia. Mimi nilifurahi hadi nikasahau kuleta soda.

Baada ya harusi nilimkuta sokoni yule munganga wa meno wa Baraka, akinunua ndagala, dagaa wa ziwa letu. Nikamuuliza habari za Bukavu. Akanishangaa. Mwaka huu hajatoka Baraka hata mara moja, akasema.

Nilipopanda Fizi kumsalimu dada, nilimkuta akimsongea mwalimu wake ugali, na safari hii hakuuunguza.

"Kumbe munganga wa meno alikuwa hapo hapo Baraka!" nikamwambia.

"Ndiyo," akajibu bila kugeuka. "Lakini ule anatunza jino. Mi ugonjwa yangu ilikuwa baba mukubwa."