Macho ya Rogasian

Mwalimu Domisiana alizaliwa Kibimba, wilaya ya Ngara, katika nyumba ambayo mtoto akimtazama mkubwa usoni alihesabiwa amekosa adabu hata kabla hajafungua mdomo. Kwa hiyo alikua akiijua miguu ya watu kuliko nyuso zao. Sasa tazama Mungu anavyopanga mambo yake: mtu huyohuyo ndiye aliyekuja kupata sifa, katika shule moja ya kata ya Kaniha, kule Biharamulo, kwa kuwafundisha watoto wa wenzake kukodoa macho.

Lilikuwa somo la Kiingereza, darasa la sita. Kitabu kilikuwa na ukurasa wa maneno ya kuangalia: stare, glance, glare, peep, gaze. Kiliyaeleza kwa Kiingereza kingine, kigumu kuliko kile cha kwanza, na watoto wa wafugaji wa Kisukuma, ambao hata Kiswahili wamekutana nacho shuleni, waliyaimba bila kujua wanaimba nini. Domisiana akaacha kitabu, akaanza kuigiza, na kila neno akalipa macho ya mtu anayemfahamu. Glare alimpa marehemu mama mkwe wake, siku ile chumvi ilipozidi kwenye maharage. Peep akampa jirani yake Speciosa, nyuma ya pazia, akipeleleza nani kaingia kwa nani. Glance ilikuwa ya mwanafunzi anayeibia jibu kwa mwenzake, na hiyo darasa zima liliijua bila kufundishwa.

Watoto walicheka wakajisahau, na walipojisahau wakashika. Walishika mno, kwa kweli, maana Mzee Shibuda alifika shuleni na fimbo yake kulalamika.

"Shikamoo, babu," Domisiana alimwamkia.

"Marahaba. Mwarimu, mjukuu wangu Limi tangu juzi ananikodolea macho kama nimemwibia. Nikimuuliza, anasema ni somo."

"Ni somo kweli, babu. Nitamwambia aliache hukuhuku shuleni."

Neno moja tu Domisiana hakulifanyia mzaha. Gaze alilifundisha kimya. Aliketi kitini, akailaza mikono mapajani, akafumba macho kidogo, kisha akayafungua na kutazama dirishani muda mrefu, taratibu, bila kutaka kitu. Watoto nao walinyamaza. Hawakujua macho yale ni ya nani.

Aliyejua ni Frednand peke yake. Kijana huyu alikuja Kaniha akiwa mwalimu mpya mwenye godoro moja na simu nzuri, na Domisiana akampokea kama mdogo wake wa tumbo moja. Jioni alikula ndizi kwake; akichelewa, sahani yake ilifunikwa. Mchana aliketi nyuma ya darasa akijifunza. Siku moja, wakichambua maharage uani, akamuuliza dada yake huyo macho ya gaze aliyatoa wapi.

Domisiana akamwambia jambo ambalo hakuwahi kumwambia hata padri. Mume wake, Rogasian, siku zake za mwisho hakuwa na sauti tena. Alilala akimtazama tu mkewe akipika, akifagia, akikunja nguo, wala hakuomba chochote.

"Alikuwa ananiaga, mdogo wangu, bila haraka. Hayo ndiyo macho ninayowapa watoto. Usimwambie mtu."

"Haitoki hapa, dada," alisema Frednand, na machozi yakamlengalenga. Hatusemi kwamba machozi yale yalikuwa ya uongo.

Baada ya likizo, video ikaanza kuzunguka kwenye simu za walimu. Frednand alikuwa mbele ya darasa akiigiza, na mama mkwe alikuwemo, na Speciosa na pazia lake. Wakubwa wakaipenda. Akaitwa Biharamulo mjini kuwafundisha wenzake mbinu yake, na kila shule ikatakiwa kupeleka mwalimu. Shule ya Kaniha ikamtuma Domisiana. Alikwenda bila kinyongo. Alijiambia kijana atamtaja tu, huenda hata atamsimamisha watu wamwone, na akavaa kitenge chake cha Pasaka.

Hakutajwa. Frednand aliyapitia maneno moja baada ya jingine, ukumbi ukimshangilia, mpaka akafika kwenye gaze.

"Hii ni ya mgonjwa mmoja kijijini kwetu," alisema. "Mke anapika, jamaa yuko kitandani anamwangalia hivi." Akalegeza kope, akaacha mdomo wazi, akazungusha shingo polepole kufuata sufuria isiyokuwepo. "Ng'ombe mzee anasubiri pumba."

Ukumbi ulivunjika mbavu. Domisiana naye alicheka. Kijana aliigiza vizuri, na kicheko kilikuwa kimeshamtoka alipotambua ni nani anayechekwa.

Wakati wa chai Frednand alimfuata na chupa mbili za soda.

"Dada, umeona walivyofurahi?"

"Yule mgonjwa ni nani, Frednand?"

Kijana akatazama chini. "Sikumtaja jina. Hakuna aliyejua."

"Mimi nilijua."

"Watu walikuwa wamechoka, dada, ilibidi nichekeshe kidogo." Akamwekea soda yake mbele. "Na wewe pia ulicheka. Nilikuona."

Wanasema fadhila ya punda ni mateke. Punda walau akishakupiga huenda zake, hakukumbushi kwamba na wewe ulicheka. Domisiana aliiacha soda pale mezani akaenda kutafuta basi, na moyo ulimuuma kuliko siku ya mazishi, kwa sababu siku ile hakuna aliyemfanyia Rogasian ubaya.

Jumatatu aliingia darasani kama kawaida. Watoto walicheka palepale wanapochekaga, kisha wakatulia wenyewe, wakijua neno gani linafuata. Domisiana aliketi, akalaza mikono, akafumba macho kumtafuta mume wake. Kitanda alikikuta mahali pake, na blanketi, na mto. Lakini uso uliokuwa juu ya mto ulikuwa wa Frednand, kope zimelegea, mdomo wazi, akisubiri kupigiwa makofi.