Papa Saidi amekula diploma ya mujukuu wangu

Batu ya Kasongo, leo kuna mutu amekula diploma. Ameitafuna kabisa!

Mujukuu wangu Furaha anasoma chimie, elimu ya kuchanganya dawa, kule Bukavu, lakini kazi yake ya mwisho anaifanyia hapa kwangu. Anachukua maji ya shaba, anaingiza gazi karboniki, ile tunayotoa tukipumua, vitu vinashikana kama munyororo. Vinatoka vijiwe vya buluu.

Mimi nilikuwa ninamucheka. Pumzi igeuke jiwe?

Basi, kimoja kikatoka kizuri. Hicho ndicho cha kupeleka Bukavu, kwenye mashine ya mionzi inayoonyesha namna kimejengwa ndani. Bila hicho, hakuna diploma.

Akaingia Papa Saidi, mununuzi wa zahabu wa Kabambare. Munamujua: kila jiwe analipima kwa meno.

“Papa, usiguse!” Furaha akapiga kelele.

“Mutoto, utanifundisha mawe, mimi?”

Akauma. Kra! Unga mutupu, na ulimi buluu kama wino.

Furaha hakulia. Alimusukutisha maji mpaka muzee akachoka, halafu akamupa kamupira karefu ka kupulizia, kalikoingia ndani ya chupa ya maji ya shaba.

“Umekula pumzi, Papa. Sasa uirudishe.”

Mpaka saa hii anapuliza, mashavu kama chura. Akipumzika, Furaha anakohoa kidogo tu, naye anaanza tena.

Nani mwengine ni fundi wa mawe hapa? Akuje. Chupa ingine iko, inangojea mudomo.