Nane Niliyoinyoa Kichwa

Leo nimepumua. Niandike kabla sijaanza kujitetea.

Dukani kwetu hapa Busia, mpakani, tunachapa barua na kutoa fotokopi. Juzi mzee mmoja wa Mulanda alileta daftari kuukuu. Zamani mtafiti fulani aliandika humo maneno ya marehemu mama wa mzee huyo, jinsi yanavyotamkwa kijijini kwao. Kwa sauti moja alitumia herufi ya Kilatini ambayo sijawahi kuiona, kama nane iliyo wazi juu. Mzee alitaka nakala thelathini za kugawa kwenye misa ya kumbukumbu ya mama yake.

Kompyuta yetu haina herufi hiyo. Au inayo na mimi sijui kuitafuta, nisiisingizie. Nikachapa 8 kila mahali, kisha kwenye karatasi nikachovya kijiti cha meno katika wino mweupe wa kufutia, nikafuta sehemu ya juu ya kila nane, ikabaki wazi.

Mwenzangu wa dukani, wa upande wa Kenya, alinicheka. "Dada, sasa umekuwa kinyozi! Unazinyoa nane vichwa!"

Lakini ni yeye huyo aliyeniambia nisome tena kabla ya kutoa fotokopi. Sikusoma.

Mzee alikuwa ameshaondoka na nakala zake kwenda kulala kwa binti yake Tororo nilipotazama nakala moja iliyobaki dukani. Ukurasa wa kwanza, kwenye maelezo mafupi ya maisha ya marehemu ambayo mzee aliomba niyaongeze, nilikuwa nimechapa: "Alizaa watoto 8." Na hiyo nayo nilikuwa nimeinyoa. Watoto wenyewe wangekaa kanisani wakitazama idadi yao imegeuka mchoro. Niliwaza ninyamaze, huenda wasione. Nakiri, niliwaza hivyo.

Asubuhi nikapiga simu.

"Mzee, nimekosa. Ukurasa wa kwanza, ile idadi ya watoto..."

"Ee, mama, sisi naona jana. Tumekaa na dada zangu, tumefunga ile nane na kalamu, karatasi yote."

"Nisamehe, mzee."

"Ya nini? Dada yangu mkubwa nacheka mpaka nalia. Nasema mama ameacha mlango wazi, wa tisa bado nakuja!"

Nyuma yake nilisikia wanawake wakiangua kicheko. Kisha akauliza, taratibu, "Na zile za maneno ya mama? Ziko sawa?"

Hizo tu ndizo nilizokuwa nimezilinganisha na daftari, moja moja, mara mbili. Nikajibu bila kusita, "Ziko wazi zote, mzee."